Roboti Haina Nyundo

"Roboti ndiyo iliyoivunja," alisema Dokta Fabio Arbeláez, na kwa mara nyingine akaielekezea kidole ile kaseti iliyolala mezani ndani ya mfuko wa plastiki. "Mashine ni mashine, mama. Mkono ulikwama, kaseti ikadondoka, reli ikaisaga. Ajali hazina kinga."

Nubia Rentería, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, aliuvuta ule mfuko karibu yake. Alikuwa ametoka Bogotá bila kutia kitu tumboni, akasota nyuma ya malori hadi Tocancipá, na tangu aingie katika kituo hiki cha data alikuwa ameletewa vikombe viwili vya kahawa na uongo usio na idadi. Kahawa alikuwa ameinywa.

Katika kaseti ile zilipaswa kuwamo sauti za chumba cha udhibiti cha bwawa la Cusirí, za Jumamosi ile, miezi minane iliyopita, milango ilipofunguliwa bila king'ora kulia. Maji yaliwakuta watu wa Playa Mansa ufukweni: wauza samaki, wafua nguo, familia zilizokuja kuogelea. Watu thelathini na mmoja walikwenda na maji. Kampuni yenye bwawa ilitangaza jioni ileile kwamba mlinzi wa king'ora, Eliécer Pabón, alilala kazini, na alipozinduka akatoroka. Maiti yake ilipatikana chini ya daraja ikiwa imejaa matope, na maiti haijibu mashtaka. Waliobaki kujibu walikuwa mkewe, Edilma, na kiduka chake, ambacho majirani walikipiga mawe hadi akakifunga.

Kompyuta za bwawani zilikuwa zimefuta sauti baada ya mwezi mmoja, kama zilivyozoea. Nakala ya akiba ililetwa hapa, kwenye maktaba ya kaseti za kompyuta anayoisimamia Arbeláez. Nubia aliifuata kwa amri ya hakimu. Akapewa hii, imepondeka katikati kama kopo la bia.

"Siku kaseti ilipovunjika, mashine ilikuwa mikononi mwa nani?" aliuliza.

"Mhandisi Ocampo. Tumeshamsimamisha kazi."

"Mwite."

"Mama, nimesema tumemsimamisha."

"Na mimi nimemwita. Yuko getini tangu asubuhi anapigwa na baridi. Mwambie mlinzi wako amfungulie kabla sijamfungulia mwenyewe."

Mwanamke aliyekaa kando ya Arbeláez alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Huyu alikuwa Dokta Marcela Urdaneta, mkuu wa mawakili wa kampuni ya bwawa. Alivaa koti la kijivu la sufu nzuri, na hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi. Nubia alikuwa akijiuliza tangu walipopeana mikono: kampuni ina mawakili vijana chungu nzima wa kutumwa kuja kutazama kaseti iliyovunjika. Mbona amekuja mwenye ofisi?

Yurany Ocampo aliingia pua ikiwa nyekundu kwa baridi na macho yakiwa mekundu kwa hasira. Hakuketi.

"Wamekwisha kuniangushia jumba bovu, au nimewahi?"

"Binti, heshima," alisema Arbeláez.

"Heshima uliitoa wewe siku uliyoniandika kwenye barua kuwa mzembe. Mama mpelelezi, nikuambie kilichotokea siku hiyo? Huyu bwana alinituma nikale. Miaka minne niko hapa, hajawahi kuniuliza kama nimekula. Siku hiyo akaniambia, 'Nenda, Yurany, leo kuna supu ya ajiaco, nenda kabla haijaisha.' Nikarudi nikakuta kaseti imepondwa na mimi ndiye niliyeiponda."

"Kadi iliyofungua mlango wa mashine ni ya nani?" aliuliza Urdaneta kwa upole, kama mwalimu anayejua jibu.

"Yangu. Niliiacha mezani kwangu."

"Na mwezi uliotangulia uliomba cheo, ukanyimwa."

"Nikanyimwa, ndiyo. Akapewa shemeji yake huyu."

"Kadi yako, mashine yako, na kinyongo chako." Urdaneta alimgeukia Nubia. "Sioni tunachongoja, bibie. Una mtu, una sababu, una kaseti."

Nubia alimtazama Yurany kwa muda. Maneno ya wakili yalikaa sawasawa, kila moja mahali pake, na Nubia alikwishawapeleka watu mahabusu kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Akauinua ule mfuko wa plastiki, akasimama.

"Nataka kuiona hiyo roboti ikifanya kazi."

"Mama, kule ndani ni baridi, na kelele..." alianza Arbeláez.

"Nina koti."

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati la chuma lenye urefu wa lori, na mlango wa kioo ubavuni. Ndani, kuta mbili zilitazamana, zote zimejaa vishimo kama sega la nyuki, na katika kila kishimo kaseti moja imelala, mgongo nje. Katikati ilipita reli, na juu ya reli mkono wa roboti ulikuwa umetulia. Feni za seva zilivuma kiasi kwamba ilibidi mtu apaze sauti. Chaparro, askari aliyekuja na Nubia, alisimama mlangoni, mikono kwapani.

"Iambie ichukue kaseti. Yoyote," alisema Nubia.

Yurany alimtazama Arbeláez, akamtazama Nubia, kisha akagusa kioo cha kompyuta. Mkono ukaamka. Ukateleza juu ya reli, ukasimama, kijicho chake kikamulika mwanga mwekundu juu ya lebo ya kaseti. Vidole viwili vya chuma vikachomoza, vikaibana pembeni, vikaivuta polepole, vikaipeleka nyuma kwenye kisomeo. Kisomeo kikaimeza.

"Tena."

Ikachukua nyingine.

"Tena. Na safari hii isimamishe ikiwa imeibana."

Roboti ilisimama na kaseti yake hewani. Nubia alikikaribia kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Akaufuta kwa mkono wa koti, akauinua mfuko wake karibu na kile kilichokuwa upande wa pili. Vidole vya roboti vilikuwa bapa, vyembamba kama visu vya siagi, na vilishika ubavuni tu. Reli iliyokuwa chini yake ilikuwa na kingo mbili zilizonyooka. Kaseti iliyokuwa mkononi mwa Nubia ilikuwa na mbonyeo mmoja, katikati kabisa, wa mviringo kama sarafu. Kando yake ulikuwapo mwingine wa mviringo uleule, ulioteleza kidogo.

"Dokta Arbeláez. Njoo hapa."

Akaja.

"Nionyeshe kitu cha mviringo ndani ya mashine hii. Chochote. Skrubu, gurudumu, chochote kinachoweza kuacha alama hii."

Arbeláez alichungulia, akakohoa. "Huenda ni fundi, alipokuwa akijaribu kuitoa ilipokwama..."

"Sasa hivi ilikuwa reli."

"Nasema huenda."

"Imepigwa mara mbili. Ya kwanza kwa hofu, ya pili kwa nguvu. Roboti haina nyundo, dokta."

Yurany alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Urdaneta hakucheka. Alikunja mikono kifuani.

"Sawa, ni nyundo," alisema. "Na nyundo inashikwa na mkono wa mwanamke kama wa mwanamume. Bado una kadi ya huyu binti. Lililobaki hapa ni uharibifu wa mali, bibie, na mali ni yetu. Kaseti imekufa. Hukumu ya bwawa haitatoka kwenye plastiki iliyopondeka. Mchukue huyu, tuandikishane, tukale."

"Tukale," Nubia alirudia.

"Ni saa ya chakula."

Hasira zilimpanda Nubia kutoka tumboni mpaka masikioni. Aliwahi kukaa na Edilma Pabón nyuma ya duka lililofungwa, akamwona akiokota mawe aliyorushiwa na kuyapanga ukutani, makubwa upande mmoja na madogo upande mwingine, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Alivuta pumzi ya baridi, akarudisha macho kwenye kioo. Hasira ikishakuwa kichwani haina budi ipewe kazi.

Akaziangalia kaseti ukutani. Safu juu ya safu, lebo nyeupe, zote zimenyooka kama askari gwarideni. Akaitazama iliyo mkononi mwake. Lebo yake ilisomeka CZ 207, ndiyo ileile iliyoandikwa kwenye amri ya hakimu. Lakini ilikuwa imekaa upande, kona moja imenyanyuka, na chini yake kulikuwa na uvimbe mdogo wa hewa. Pembeni pake plastiki iling'aa kwa gundi kavu iliyofuata mstari mwingine, ulionyooka.

"Lebo hizi nani hubandika?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Yurany. "Zinakuja kutoka kiwandani zimeshabandikwa. Mkono wa mtu ukibandika vibaya, kijicho kinashindwa kusoma."

"Na roboti inajuaje kaseti gani ni ipi?"

"Kwa lebo tu, mama. Haina akili nyingine. Mvalishe ng'ombe lebo ya mbuzi, itakuapia kwamba ni mbuzi."

"Na nani anayemjua ng'ombe?"

Yurany alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Nubia aliona jambo likimpambazukia usoni.

"Chipu," alisema polepole. "Kila kaseti ina chipu ndani, kwenye kona. Ilipoandikwa mara ya kwanza ilipewa jina lake, likaingia humo. Lebo unaweza kubandua, jina la humo hubandui. Kuna kifaa cha mkononi cha kulisoma."

"Hicho kifaa kimeharibika," alidakia Arbeláez. Alidakia upesi mno.

"Kimeharibika lini? Kiko kwenye droo yako."

"Kimeharibika, nasema!"

"Chaparro," aliita Nubia bila kugeuka. "Nenda na huyu bwana ofisini kwake, mkalete kitu kilichoharibika."

Walirudi na kifaa chenyewe, kidogo kama rimoti ya televisheni. Arbeláez alitembea nyuma, jasho limemtoka katika baridi ile. Yurany alikishusha kwenye kona ya kaseti, kona ambayo nyundo haikuifikia. Kikatoa mlio mfupi. Kikasoma.

"CZ 318."

"Soma tena."

"CZ 318. Siyo 207. Hii siyo kaseti ya bwawa." Yurany alikimbilia kompyuta, akaandika. "318 ni... subiri... picha za kamera. Maegesho yetu ya magari, za mwaka juzi."

"Kwa hiyo marehemu ni maegesho ya magari," alisema Nubia. "Mungu ayarehemu. Na roboti inasema 318 iko wapi sasa hivi?"

"Inasema... iko kwenye kishimo chake. Ukuta wa kushoto, safu ya chini." Mkono wa Yurany uliganda juu ya kioo. "Lakini 318 umeishika wewe."

"Ndiyo. Aliyebandua lebo hii kutoka kwenye kaseti yake halisi alikuwa na lebo mbili mkononi. Moja aliibandika kwenye kaseti ya kuponda. Ya pili aliibandika wapi?"

Ndipo Dokta Urdaneta, aliyekuwa na uso wa barafu tangu asubuhi, alipomgeukia Arbeláez.

"Wewe si uliniambia..." alisema, akakatiza.

Feni zilivuma.

"Alikuambia nini, dokta?" aliuliza Nubia.

"Hakuna."

"Ulianza vizuri. 'Uliniambia imevunjwa'? Au 'uliniambia umeivunja'? Kuna tofauti ya miaka kadhaa ya jela kati ya hayo mawili."

"Sitaongea zaidi. Nina kikao Bogotá."

"Chaparro, funga huo mlango. Mhandisi Ocampo, iambie roboti ituletee maegesho ya magari."

Mkono ukateleza, ukainama hadi safu ya chini, ukamulika, ukabana, ukavuta. Kaseti ikapita mbele yao ikiwa nzima, lebo yake imekaa upande, kona imenyanyuka. Kisomeo kikaimeza, kikakoroma kidogo, na kwenye kioo cha kompyuta jina la ndani likajiandika: CZ 207.

Yurany alitukana tusi la nguoni. Hakuna aliyemkemea.

Kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti kulichukua muda. Urdaneta aliutumia muda huo wote kusema kwamba sauti zile ni siri za kampuni na kwamba amri ya hakimu ina kasoro. Nubia alimsomea amri neno kwa neno, kisha akamsogezea kiti.

"Keti. Utachoka."

Sauti ya kwanza ilitoka yenye mkwaruzo, na nyuma yake maji.

"Udhibiti, huyu ni Pabón wa kituo cha king'ora. Mmefungua milango, naona maji yanapanda. King'ora mmekifunga huko kwenu. Kifungueni nipige."

"Subiri, Pabón."

"Nisubiri nini? Ufukwe umejaa watu."

Mkwaruzo. Kisha tena: "Udhibiti! Kuna watoto majini! Fungueni king'ora!"

"Tumeambiwa lazima wanasheria waidhinishe. Nakuunganisha."

Mlio wa simu, na kisha sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka. Kila mmoja chumbani alikuwa ameisikia asubuhi nzima.

"King'ora kikilia, kesho tuko magazetini, na wanunuzi wa kampuni wanatia saini Jumatatu. Maji yenyewe ni kidogo. Msipige."

"Dokta, si kidogo. Mimi nayaona, wewe huyaoni."

"Nimesema msipige."

"Basi nashuka mwenyewe na pikipiki."

"Ukitoka kituoni umejifukuza kazi."

"Nimejifukuza," alisema Eliécer Pabón. Kiti kilianguka. Mlango ulipigwa. Kwa mbali pikipiki iliwashwa, ikakataa, ikawashwa tena, ikanguruma ikielekea bondeni mpaka maji yakaimeza sauti yake.

Yurany alikuwa amejiziba mdomo. Chaparro alikuwa ameivua kofia yake, bila shaka hata yeye hakujua lini.

"Sauti hughushiwa," alisema Urdaneta. Ilikuwa sauti ileile, tulivu ileile.

"Zitapimwa. Umetupa sampuli ya kutosha leo."

"Mimi sikuua mtu!" Arbeláez alipasuka. "Huyu ndiye! Huyu alikuja mwenyewe, akaniambia niivunje, akaniahidi ukurugenzi wa kituo kipya. Na mimi sikuivunja! Mmeona? Niliitunza!"

"Uliitunza," alisema Nubia.

"Ningetaka msiipate, ningeipiga nyundo hiyohiyo."

"Ulimtunzia nani? Mimi nilikuja na amri ya hakimu, ukanipa maegesho ya magari. Uliitunza ili siku huyu akikugeuka uwe na cha kumtishia." Nubia alimsogelea mpaka Arbeláez akagota mgongo kwenye kioo cha mashine. "Mwanamume alikufa akiwakimbilia watu awaokoe, wakamwita muuaji. Mkewe anapigwa mawe, na wewe unakuja hapa kila asubuhi, unakunywa kahawa, na sauti ya mumewe iko hatua mbili kutoka kwenye meza yako, umeivalisha jina la kamera za magari. Halafu ukamtwisha huyu binti. Huyu dokta alisema msipige siku moja. Wewe ulisema msipige kila siku, miezi minane."

Arbeláez alitaka kusema jambo. Nubia alimtia pingu mwenyewe, na hakuzilegeza. Urdaneta alinyoosha mikono yake kwa Chaparro bila kuambiwa, huku akiliangalia koti lake lisikunjike.

Gari la polisi lilipoondoka nao, Nubia alisimama kwenye maegesho, akapiga simu Playa Mansa. Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Doña Edilma. Ni Nubia Rentería, wa ofisi ya mashtaka. Nimeipata. Nimeisikia kwa masikio yangu. Mumeo hakulala."

Upande wa pili ikaja sauti kavu.

"Unanipigia kuniambia hivyo? Mimi nimelala kitanda kimoja na Eliécer miaka ishirini na miwili. Mtu yule alikuwa halali hata usiku. Mimi sikuhitaji kaseti."

"Alishuka kuwaonya. Aliambiwa atafukuzwa kazi, akashuka."

Nubia alisikia mwanamke yule akivuta pumzi, akiiachia, akivuta tena.

"Sema hivyo tena."

Nubia akasema tena.

"Na aliyemkataza?"

"Yuko kwenye gari la polisi. Kesho atafikishwa kwa hakimu, na sauti itasikilizwa mahakamani mbele ya watu. Baada ya hapo ni ya kila mtu. Doña Edilma, ofisi yetu inatoa pole, na..."

"Pole kaa nayo. Nyinyi mlikuwa wapi wakinikataza kumzika karibu na wenzake? Jumapili watu wote wanatoka kanisani, wanajaa uwanjani. Walionirushia mawe wote watakuwapo, na watoto wao. Usiniletee pole, mama. Niletee spika."

Simu ikakatwa.

Nubia aligeuka. Yurany Ocampo alikuwa nyuma yake, ameshika koti la kampuni alilotakiwa kulirudisha, hajui kama alirudishe au alivae.

"Mhandisi. Mji huu kuna mahali wanakodisha spika?"

"Wapo wa harusi, kule karibu na stesheni. Unataka ya ukubwa gani?"

"Ya kusikika ng'ambo ya mto," alisema Nubia, akafungua mlango wa gari. "Panda."